Rafiki Yangu Aliuza Mama Nakuru, Mimi Nikitafuta Chapati

Wasomaji wenzangu, niko na miaka thelathini na moja, sina bibi, na shule niliwachia form two. Siku hiyo mwalimu wa hesabu alitokwa na machozi... ya furaha! Kazi yangu ni kuchora maduka hapa Kiptere. Ukiona kinyozi imechorwa mtu mwenye kichwa kubwa kuliko mlango, huyo fundi ni mimi. Leo nataka kuongea ukweli. Nikichekesha, mnisamehe, ni ugonjwa.

Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja kuchuna chai, na mimi nikazaliwa huku. Lakini Kikipsigis changu, lugha ya wenyeji hapa, hata ng'ombe huicheka. Kwa hivyo tulifanya kazi na rafiki yangu Kipng'eno. Mimi nachora, yeye anaongea na wateja. Tukimaliza duka, naandika namba ya simu yake kwa kona ya chini. Sisi mafundi wa maduka hatuandikangi jina. Mteja atapiga jina?

Halafu mama akafariki...

Kipng'eno alibeba jeneza, mbele kabisa. Alilia kuliko mimi! Ningejua nini?

Mama aliacha picha moja tu, ya kitambulisho, na hiyo uso ilikuwa imekuwa nyeusi kama sufuria ya shule. Nikaogopa kumsahau. Nikachemsha majani chai mpaka ikawa nzito kama dawa, nikamchora nayo kwa gunia, kikapu mgongoni, akitabasamu vile alikuwa akimaliza mstari wake wa chai. Baba alipoona alitoa kofia. Mimi kwa hiyo furaha, mkono ikateremka kwa kona, ikaandika namba ya Kipng'eno. Mazoea!

Sikufuta. Kwani ilikuwa duka, mteja apige?

Baadaye wachoraji wa pande hii tukaitwa kwa maonyesho Nakuru. Waandalizi walisikia juu ya ile picha ya majani chai, wakaomba iletwe. Baba alisita sana. Mwisho akasema, "Mpeleke atembee. Lakini huyo si wa kuuzwa. Umrudishe."

Nikamfunga kwa leso yake, nikamshika kwa mapaja mpaka Nakuru, Kipng'eno kando yangu, wa kuniongelea kama kawaida.

Wueh! Ile ukumbi ilikuwa safi mpaka niliogopa kukanyaga. Watu walisimama mbele ya mama. Wakaanza kuuliza kwa Kizungu, nani mchoraji? Kizungu changu kiliisha pale "welcome". Nikashikwa na aibu, na mimi nikishikwa na aibu nafanya mzaha. Nikamwonyesha Kipng'eno. "Ni yule mrefu! Mimi ni wa kumwoshea brashi!"

Watu wakacheka. Kipng'eno pia akacheka... lakini hakukataa. Nikamwona ananyosha shati.

Saa ya chakula nikatoka kutafuta chapati. Niliporudi, kwa ukuta palikuwa na msumari peke yake.

Nilidhani wamemhamisha. Nikazunguka ukumbi yote, jasho inatoka. Nikauliza madam mwenye kusimamia. Akaniambia na tabasamu ati mchoraji amekubali bei, picha imenunuliwa, mgeni ameondoka nayo, anasafiri leo.

"Madam, huyo ni mama yangu!"

"Pole, lakini wewe si yule wa brashi?"

Nikamwambia mimi ndiye nimechora, ilikuwa mzaha tu. Akafungua simu yake, akanionyesha ameipiga picha vizuri. Akauliza, "Hii namba kwa kona ni yako?"

Akaipiga, pale pale, watu wakiangalia. Na simu ikalia... kwa mfuko ya Kipng'eno!

Nilimwangalia. Nikangoja aseme. Wasomaji, niliwahi kungoja wateja wabaya, lakini sijawahi kungoja namna hiyo!

"Kipng'eno, waambie. Si ulimzika na mkono yako?"

Akaangalia viatu. Halafu akaambia madam, pole pole, "Huyu ni kijana wangu wa kazi. Anapenda mzaha sana, mmemsikia asubuhi."

Nikapiga kelele. Nikalia. Na unajua ubaya wa mtu wa kuchekesha? Kuna mama mmoja pale alicheka, akidhani ni sehemu ya maonyesho! Askari wa mlango akanitoa, akinipigapiga bega kama mlevi.

Nilirudi na leso tupu. Baba alikuwa amesimama kwa mlango. Aliishika ile leso, akaikunja mara nyingi mpaka ikawa ndogo, akaenda nayo kulala. Mpaka leo hajanigombeza. Heri angenipiga!

Kipng'eno siku hizi ni mtu wa Nakuru. Alinitumia ujumbe mmoja tu: "Bro, si utachora ingine?" Nimejaribu, na chai ile ile. Mikono inakuja. Kikapu inakuja. Uso... inakuja ya mtu mwingine.

Ndugu zangu mafundi, washonaji, wachongaji, nawaomba! Msifiche kazi yenu nyuma ya simu ya mtu, hata kama ni rafiki. Andika jina yako, hata kama herufi ni mbaya. Na ukiulizwa hii kazi ni ya nani, usicheke kwanza kama mimi. Jibu.