Jiwe la Kisima cha Tatu

Dakta Nozaki Genzo, mtaalamu wa miamba, alikutwa Jumatatu asubuhi amelala chali kwenye sakafu ya ghala la miamba la mji wa Tomarisaki, ngazi ya chuma imemwangukia miguuni, damu imeganda nyuma ya kichwa. Aliyemkuta ni Igarashi, injinia wa kampuni ya visima. Inspekta Kuwabara Setsu alipofika, theluji bado imemjaa viatuni, mzee wa watu alikuwa anapumua kwa taabu. Siku chache baadaye akafia hospitalini bila kufumbua macho.

Juu ya rafu, sanduku moja lilikuwa wazi na tupu.

"Kimeibiwa nini?" Setsu aliuliza.

"Jiwe," Igarashi akajibu.

"Jiwe tu?"

"Afande, jiwe hilo tu ndilo lililokuwa linatutoa roho hapa."

Kampuni ilikuwa imechimba visima vitatu chini ya bahari, mbele ya mji, ili isukume humo hewa ukaa ya viwanda ikakae milele. Kila kisima kilitoa vipande vya mwamba, virefu na mviringo mithili ya mchi. Vilipangwa masandukuni, kila kimoja na kina chake kimeandikwa kwa rangi.

"Nieleze kama unavyomweleza mkeo," Setsu alisema.

"Mke wangu hanisikilizi." Igarashi alijifuta uso. "Haya. Zamani huu ulikuwa mchanga wa pwani. Ukafukiwa, ukabanwa na uzito wa juu, maji ya chini yakaleta chokaa ya makombe, ikazishika punje. Ukawa jiwe. Lakini lina vitundu, na humo ndimo tunataka hewa ikae. Sasa hewa ukaa ikikutana na maji, maji yanakuwa machachu. Dakta alisema kuna mahali katika kisima cha tatu punje zimeshikwa na chokaa tupu. Uchachu utaila chokaa, mchanga utaachana, utaziba njia, shinikizo litapanda mpaka mwamba wa juu upasuke."

"Na juu ya huo mwamba?"

"Ni sisi."

Jiwe hilo lilikuwa lipelekwe maabara Sapporo siku ileile. Tume ya serikali iliyosimamia visima ilishasema wazi kwamba bila jiwe maneno ya Dakta ni maneno tu, na Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa sita mchana, valvu ya kuingizia hewa itafunguliwa. Setsu hakuhitaji kuambiwa mara mbili. Mama yake, asiyeweza kunyanyuka kitandani, alikuwa anakaa nyumba ya tatu kutoka ufukweni.

Alianza na Igarashi mwenyewe, maana ndiye aliyekuwa na hamu ya valvu kuliko wote.

"Jumapili jioni ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Mkeo anasema hukuwepo."

Injinia alinywea. "Nilikuwa baa ya stesheni mpaka walipofunga. Nilimwapia kwamba nimeacha. Afande, tafadhali, usimwambie."

Mwenye baa alithibitisha, tena akaongeza kwamba deni bado lipo.

Kisha akamwita Hamaya, mvuvi aliyesimama mbele ya umati akaapa kulichoma ghala.

"Nilisema, ndiyo! Na nitasema tena!" Hamaya alipiga meza. "Lakini kabla Dakta hajanionyesha lile jiwe. Alikwaruza kwa ukucha, mchanga ukadondoka. Akaniambia, Mzee Hamaya, hili ndilo litakalowasimamisha. Sasa mimi niliibe? Niibe wakili wangu mwenyewe? Unanionaje wewe, binti Kuwabara, mimi chizi?"

Setsu alimwachia, na Hamaya akatoka akisonya.

Wa tatu alikuwa Bi Odajima Kiyo, mjane aliyelitunza ghala kwa miaka mingi. Alisema alifunga saa kumi na moja jioni akaenda zake. Dakta alikuwa na ufunguo wake. Alilia mpaka Setsu akamshikia kikombe cha chai. Hakuna aliyemshuku. Utamshukuje Bi Kiyo, ambaye kila majira ya baridi hupita nyumba kwa nyumba akigawa achari yake ya kabichi na samaki iliyochachuka pipani, mji mzima ukiisubiri?

Wiki zikapita hivyo. Walipekua ofisi za kampuni, maghala ya nyavu, hata jaa la taka. Jiwe hakuna. Setsu alianza kumkaripia kila mtu. Kituoni, sajini wake alijaribu kumchekesha.

"Mwaka huu Bi Kiyo katutupa mkono, afande. Achari hatujaiona hata harufu."

"Muache mama wa watu. Ana majonzi yake."

Alhamisi, mkesha wa valvu, Setsu alikwenda kwa Bi Kiyo kuuliza tena habari za funguo. Hakuwa na jingine la kufanya. Alimkuta mwanawe tu, Toshikazu, ametoka zamu. Huyu alikuwa amepotelea kwenye viwanda vya kusini miaka nenda rudi, akarudi nyumbani baada ya kampuni kumpa kazi kisimani. Kesho yeye ndiye angefungua valvu.

"Mama kaenda dukani, karibu ndani. Ngoja nikuwekee chai." Akaleta na kisahani cha achari. "Usimwambie kama nimekupa. Anasema ya mwaka huu imeharibika, asipewe mtu. Lakini mgeni nitampaje chai kavu?"

Setsu alitafuna. Kitu kikasaga menoni, krr. Akatema kiganjani: mchanga. Akaonja tena kwa ncha ya ulimi. Kabichi haikuwa na uchachu hata chembe, imepooza kama maji ya kunawia. Achari ya Bi Kiyo!

"Mama yako anaigandamizia nini pipani?"

"Jiwe la mtoni, kama watu wote. Lile jeusi."

Lile jeusi Setsu alikuwa ameliona wakati anaingia. Lilikuwa nje, chini ya upenu, limefunikwa na theluji ya wiki nyingi.

Jiwe gumu la mtoni halitoi mchanga. Ni jiwe lenye chokaa tu ndilo lingeliwa na uchachu wa achari, na lenyewe likaumaliza uchachu huo. Aliingia stoo, akafunua pipa.

"Afande." Bi Kiyo alikuwa amesimama mlangoni na kikapu chake. "Funika. Baridi inaingia."

"Bi Kiyo, hiki ni nini?"

Juu ya ubao wa kugandamizia, katika maji ya achari, palikuwa na kitu cha kijivu kilicholika kama kipande cha sabuni. Setsu alikishika kwa mikono miwili, taratibu, kama anabeba kichanga. Kikamkatikia mikononi, nusu ikarudi majini.

Bi Kiyo alikaa chini palepale sakafuni.

"Nilijua jiwe ni jiwe," alisema. "Nani angefunua pipa la mjane? Nilikuwa nilirudishe sandukuni wakishafungua. Kulitupa nilishindwa, afande, nimeyatunza yale mawe kama wanangu."

"Na Dakta?"

"Nilimwomba. Nilimwambia, wakifunga kisima Toshikazu ataondoka tena, na mimi nitakufa peke yangu humu ndani. Yeye yuko juu ya ngazi, ananiambia, Bi Kiyo, samahani. Samahani! Nikaitikisa ngazi. Nilitaka ashuke tu tuongee."

"Kisha ukamwacha pale usiku kucha."

"Niliogopa."

Toshikazu alikuwa ameshika kizingiti. "Mama. Ulinifanyia mimi haya?"

"Ulikuwa unakula nyumbani kila siku," Bi Kiyo alisema. "Kila siku, mwanangu."

Setsu alimpigia simu mwenyekiti wa tume palepale. Akaeleza yote, haraka, akirudia rudia.

"Hongera kwa kumpata mhalifu," mwenyekiti alisema. "Lete jiwe."

"Limekuwa mchanga! Si ndicho alichosema Dakta?"

"Inspekta, rangi ya kina ipo?"

"Imetoka."

"Basi una bakuli la mchanga kutoka pipa la kabichi. Nitaliitaje kielelezo? Kuchimba upya ni miezi. Pole sana."

Alipiga kwa gavana, akapiga wizarani. Wote walimsikiliza kwa adabu, wakampa pole. Jioni alijaribu kumhamisha mama yake, na mama akageukia ukutani: aende wapi, na mji mzima umelala?

Ijumaa mchana alimpakia Bi Kiyo kwenye gari kumpeleka kwa mwendesha mashtaka. Walikuwa bado barabara ya pwani king'ora cha kisimani kilipolia, kisha pampu zikaanza kunguruma. Setsu alisimamisha gari. Hakujua kwa nini. Hapakuwa na cha kufanya.

Bi Kiyo aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu jana uso wake ukachangamka.

"Ndiye yeye, si ndiyo? Ndiye kafungua?"

Setsu alitamani amdanganye.

"Hapana, Bi Kiyo. Kafungua mwingine. Toshikazu alirudisha kofia ya kampuni asubuhi. Amepanda treni ya kusini."