Picha ya Bibi Eduviges

Siku ya kuwakaribisha marehemu, wanaoaminika kurudi kula nyumbani mara moja kwa mwaka, nyumba ya Filemón ilinukia mole, ule mchuzi mzito wa pilipili na kakao. Mkewe Nicandra alipika tangu alfajiri. Sahani za kwanza zilikwenda kwenye meza ya marehemu, panapowekwa picha za waliokufa tu, mbele ya picha ya baba mkwe wake, Sabino, penye maua ya manjano na mishumaa.

Na mjane wa Sabino, Bibi Eduviges? Alikuwa stoo, na uji baridi kwenye bakuli la bati, kama kila siku. Mikono yake ilitetemeka na kumwaga chakula, basi wakamtoa mezani. Wageni waliambiwa, "Bibi amelala."

Harufu ya mole ilimjaza Bibi mate.

"Loo! Sabino kafa zamani, analishwa mole. Mimi mzima nanywa uji! Haya, na mimi leo nimekufa."

Akachukua picha yake ya ujana, akajikongoja, akaiweka kando ya ile ya mumewe.

"Sabino, sogea huko."

Akavuta kiti, akaanza kula.

Jirani yao Tomasa, muuguzi wa zahanati, aliingia na mkate. Akaiona picha kwanza.

"Masikini Bibi! Amefariki lini?"

"Asubuhi," Bibi akajibu, mole kidevuni. "Njaa imeniua."

Tomasa nusura adondoshe mkate. Nicandra akatoka jikoni mbio.

"Mama! Hicho chakula cha marehemu!"

"Ndiyo maana nakila."

Tomasa alicheka sana. Kisha akamshika Bibi mkono, akakuta mifupa mitupu. Kicheko kikamkauka.

"Nicandra, mnamtesa mzee."

"Mungu wangu! Sijawahi kumpiga hata kofi!"

"Si lazima upige. Kumtenga stoo, kumnyima chakula kizuri, kumficha wageni wakija, yote hayo ni ukatili. Mpeni kijiko kizito na kikombe chenye vishikio viwili. Mpeni muda amalize. Na mleteni zahanati, huenda kutetemeka kuna dawa."

"Lakini anamwaga, dada," Filemón akanung'unika kutoka mlangoni.

"Na wewe ulimwaga, mwanangu," Bibi akasema. "Mbona sikukulaza stoo?"

Filemón aliinamisha kichwa kwa aibu. Kisha akaenda mwenyewe kukitoa stoo kitanda cha mama yake.

Siku hizi Bibi anatumia dawa, anakula na wenzake, na mashavu yamerudi. Nicandra alitaka kuitupia kabatini ile picha.

"Iache karibu," Bibi akamwambia. "Nikiletewa uji baridi tu, nakufa tena."