Upande wa Kaka

Sisimizi ndio waliotangulia kujua.

Pale kwa fundi cherehani hapakuwa na punje ya chakula iliyoanguka ikakaa. Ukidondosha chembe ya mkate, kabla hujanyanyua mguu, mstari mweusi umeshatoka kwenye ufa wa ukuta. Siku hiyo binti anayefanya kazi hapo alikuwa akila wali wake wa mchana, aliofungashiwa na mama yake kwenye bakuli, na punje chache zikaanguka karibu na mashine. Mstari ukatoka. Ukafika kwenye zile punje, ukasimama, kisha ukagawanyika na kupita pembeni, huku na huku, kama maji yanavyolipita jiwe.

Fundi, mama wa makamo asiyevua futi ya kupimia shingoni, aliona.

"Uzi, chakula chako kina nini?"

"Hakina kitu, mama. Ni wali wa jana."

"Sisimizi wanaukataa."

"Labda wameshiba."

Fundi hakucheka. "Sisimizi hashibi, mwanangu."

Uzi lilikuwa jina la utani. Binti alikuwa mwembamba tangu utotoni, na dukani watu walimtania bila ubaya. Mteja mmoja alizoea kumwambia, "Upepo ukivuma, jifunge kwenye cherehani." Mwingine alisema akisimama ubavu haonekani. Uzi aliwajibu kwamba wao wakisimama ubavu hawapitiki. Lakini tangu msiba wa kaka yake utani ulipungua, kwa sababu wembamba wenyewe ulibadilika. Mifupa ya mabega ilichomoza. Pete ilimtoka kidoleni akifua. Kukanyaga cherehani kulimwishia pumzi, akawa anapewa kazi ya kushona vifungo.

Na alikuwa anakula. Hilo ndilo halikueleweka. Alikula mayai, maziwa, karanga, na wali wa kumshibisha mbeba mizigo. Daktari alimpima damu na kifua na choo, hakuona kitu. "Ale zaidi," alimwambia mama yake. Aliporudi mara ya pili, daktari alimpima uzito, akasema akiendelea kupungua hivi atalazwa, maana moyo nao ni nyama, na mwili ukikosa cha kula huula moyo.

Fundi alikuwa akimpunguzia gauni zake. Alikunja mshono kwa ndani, akashona juu yake, bila kukata kitambaa.

"Sikati," alisema. "Mwili ukirudi, gauni litarudi."

Sasa nyumbani. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili na jiko la nje, na tangu baba afariki waliishi watatu: mama, Uzi na kaka yake. Kaka alikuwa mwokaji mikate, mtu mnene, mcheshi, mwenye taya lililoteguka utotoni. Akitafuna lilikuwa likilia, tak, tak, na Uzi alikuwa akimwambia, "Funga mlango, tunasikia." Yeye na dada yake walikula sinia moja maisha yao yote. Mama alipakua, akachora mstari katikati kwa mgongo wa kijiko ili wasigombane, kisha wote wakanyamaza wakimsubiri kaka apige bismillahi. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu baba aondoke. Aliisema kwa sauti, kwa niaba ya nyumba nzima, ndipo mikono ikaingia.

Homa ilimchukua haraka. Sisi ni wa Mungu, na kwake tunarejea.

Jioni ya kwanza baada ya waombolezaji kutawanyika, mama alipakua kwenye sinia lilelile. Akachora mstari. Kisha akanyamaza, na Uzi naye akanyamaza. Hakuna aliyepiga bismillahi, kwa sababu kuipiga ilikuwa ni kukaa mahali pa marehemu. Walisubiri mpaka wali ukaanza kupoa, Uzi akala upande wake kimya, na mama kwenye sahani yake. Upande wa kaka ulibaki kama ulivyo, na mama hakuweza kuutupa. Akauhifadhi kwenye bakuli uwe chakula cha mchana cha Uzi. Ikawa hivyo kila siku.

Aliyefiwa hutazama mambo kama mtu aliye chini ya maji. Uzi hakukumbuka ni jioni gani harufu ilianza. Ilikuwa harufu ya kafuri, ile waliyompaka kaka baada ya kumwosha, na ilitoka kwenye wali pamoja na mvuke. Aliinusa, akaendelea kula. Chakula kilikuwa kimepoteza ladha, lakini kila kitu kilikuwa kimepoteza ladha. Halafu jioni nyingine, mama alipochora mstari na kunyamaza, ilisikika ng'ambo ya sinia.

Tak.

Uzi alimtazama mama. Mama alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Umesikia?" mama alinong'ona.

"Nimesikia."

"Basi usiseme kitu. Kula, mwanangu."

Akala. Tak, tak, taratibu, na punje upande wa pili hazikupungua hata moja.

Fundi ndiye aliyemtoa maneno hayo, siku ya sisimizi. Uzi aliyasema huku akishona kifungo, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia ya sokoni. Fundi alivua futi shingoni, akaenda kumwita Maalim, mzee anayefundisha watoto Qur'ani nyuma ya msikiti.

Maalim alikuja jioni, jua likizama. Alikataa kiti. Alimwomba mama apakue kama alivyozoea, asibadilishe kitu, naye akakaa mkekani karibu na mlango, na fundi kando yake. Mama alipakua. Akachora mstari. Akanyamaza, na ukimya ule ukaingia chumbani na kukaa, ukakua, ukawa mzito kama godoro lililoloa, na harufu ya kafuri ikapanda kutoka kwenye wali mpaka fundi akaziba pua kwa ushungi, na taa ilikuwa inawaka vizuri lakini upande ule wa sinia ulikuwa na kivuli kisichokuwa cha mtu yeyote kati yao, kivuli kilichoinama, na taya likaanza kulia, tak, tak, si taratibu tena bali kwa pupa, kama la mtu anayejua kwamba ameonekana na anataka kumaliza kabla hajanyang'anywa, na Uzi akahisi mbavu zake zikivutwa ndani, moja moja, kama uzi unavyovutwa kwenye pindo mpaka kitambaa kinakunjamana.

"Nani amepiga bismillahi?" Maalim aliuliza kwa sauti ndogo.

Mama alipangusa ukingo wa sinia.

"Bibi, nimeuliza."

"Mwanangu ndiye hupiga," mama alisema.

"Yuko wapi?"

"Hayupo."

"Amekwenda wapi?"

Mama aliinamisha kichwa. Maalim akasema polepole, "Chakula kisichotajiwa jina la Mungu hakikosi mlaji. Huyu hakuvunja mlango. Mmempikia, mmemsubiri, mmemnyamazia. Anakula pande zote mbili, binti yako anameza makapi. Mimi ninaweza kusoma mpaka asubuhi. Lakini mgeni hafukuzwi na jirani, hufukuzwa na mwenye nyumba."

"Ni sauti ya mwanangu, Maalim."

"Ni sauti yake. Si yeye."

"Nikimfukuza sitaisikia tena."

"Hutaisikia."

Mama alimtazama Uzi. Alimtazama kama hajamwona kwa muda mrefu, mikono ile, shingo ile. Taya lilikuwa limenyamaza. Lilikuwa linasikiliza.

"Mwanangu amekufa," mama alisema. Hakuwahi kulisema neno hilo. "Amekufa na tumemzika. Chakula hiki si chake. Wewe uliye hapo, sikukuzaa. Toka."

Maalim akamwashiria Uzi. Uzi akapiga bismillahi kwa sauti, sauti yake ikakwaruza kama mlango wa chumba kisichotumika. Mstari wa katikati ya sinia ukaporomoka wenyewe, wali ukachanganyika. Kitu kikapita kati ya fundi na Maalim, baridi, na pazia likapanda na kushuka. Harufu ikaisha. Uzi alitia mkono, akaonja, akasema chumvi imezidi.

Mama aliangua kilio, na walimwacha alie.

Uzi alinenepa. Si mara moja, lakini mashavu yalirudi, akarudi kwenye cherehani, na fundi akafumua mishono aliyoikunja, mmoja baada ya mwingine. "Nilikwambia sikati," alisema. Wateja wakarudisha utani. Nyumbani Uzi alikula kwenye sahani yake, baada ya kupiga bismillahi. Mama alimpakulia, akasema yeye ameshakula jikoni wakati anapika.

Kisha mchana mmoja mama alikuja dukani na gauni lake la kijani, lile alilopenda. Fundi alikuwa ametoka kununua bitana. Mama alilivaa, akasimama mbele ya binti yake. Lilimning'inia.

"Nipunguzie ubavuni," alisema.

Uzi aliweka pini mdomoni, akaanza kupima. Alikunja kitambaa, akakunja tena. Chini ya vidole vyake mbavu zilihesabika. Alitoa pini mdomoni.

"Mama, unakula?"

"Ninakula sana, mwanangu. Kule jikoni kumetulia."

"Na nani anapiga bismillahi, kule jikoni?"

Mama alilinyoosha gauni kifuani. Uso wake ulikuwa na utulivu, na lile tabasamu.

"Mama."

"Mimi nimeshaishi," mama alisema. "Wewe kula upande wako."

Uzi alirudisha pini mdomoni. Kisha akashika mshono wa ubavuni na kuanza kuukunja kwa ndani, kama alivyofundishwa.

"Usikunje," mama alisema. "Kata tu."

Punje ya wali ilianguka kutoka kwenye mkono wa gauni. Mstari mweusi ukatoka kwenye ufa wa ukuta, ukafika, ukasimama, kisha ukagawanyika na kupita pembeni.