Jino la Mzee Pini

Baba alikuwa fundi cherehani. Akiwa kazini, pini tano au sita zilikaa mdomoni mwake, vichwa nje, na bado aliweza kupiga soga. Wateja walimwita Mzee Pini.

Asubuhi moja nilikuta pini zote ziko mezani. Shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba kama anaficha ndimu.

"Baba, jino tena?"

"Jambo dogo. Nimemeza aspirini mbili. Nampitia yule jamaa wa sokoni alichomoe, nirudi kumalizia suruali."

Mama alisimamisha pasi. "Atajua kwamba una ini bovu?"

"Anang'oa jino, mama watoto. Hang'oi ini."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Ini la baba lilikuwa limejaa makovu, huo ukiwa mwaka wa tatu. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa na ugonjwa huohuo. Aling'olewa jino bila kumwambia mng'oaji kuhusu ini lake. Damu ilitoka siku mbili, tukamzika. Hata hivyo baba alificha kadi yake ya kliniki kwenye droo ya cherehani, chini ya bobini. Alihofu kwamba daktari akiiona hatamgusa.

Mama alifungua droo, akaitoa. "Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Vaa viatu."

Hospitalini, daktari wa meno alikuwa mama mmoja mfupi, mpole wa sauti. Aliisoma kadi yote.

"Umemeza dawa gani, mzee?"

Baba akatazama dari. "Aspirini mbili," nikasema mimi.

"Asante, binti. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni si za mwenye ini hili. Huongeza kutokwa na damu na huumiza figo. Tumia parasetamoli, kwa kipimo nitakachoandika. Usizidishe hata kidonge. Tutatuliza uvimbe, tutapima damu, nami nitaongea na daktari wako wa ini. Rudi wiki ijayo."

Wiki iliyofuata majibu yalionyesha kwamba damu ya baba inachelewa kuganda. Baba akashtuka.

"Basi niongezeeni plazima, yale maji ya damu. Jirani amesema ndiyo dawa."

Daktari alitabasamu. "Mzee, cherehani ina nyuzi ngapi?"

"Mbili. Wa juu na wa chini."

"Ukikaza wa juu peke yake?"

"Kitambaa kinajikunja! Hata mwanagenzi anajua."

"Ini nalo lina nyuzi mbili. Hutengeneza vitu vya kugandisha damu, na vitu vya kuizuia isigande ovyo. Likichoka, vyote hupungua. Kipimo hiki kinaona uzi mmoja tu. Nikikujazia plazima ili namba ipendeze, naweza kukuletea shida nyingine. Daktari wako ameangalia yote, hata vile vichembe vinavyoziba jeraha. Kwa jino moja vinatosha. Mwingine angehitaji maandalizi zaidi. Ndiyo maana tunauliza kwanza."

Baba aliegemea kitini. Kisha akafungua mdomo.

Daktari aling'oa polepole. Akashona ufizi mishono miwili, akaweka shashi yenye dawa ya kuzuia damu.

"Ng'ata kwa nguvu nusu saa. Leo usisukutue, wala usinywe cha moto. Damu ikianza, ng'ata shashi nyingine. Isipokoma, njoo mara moja. Usingoje kesho."

Tulipofika nyumbani damu ilikuwa imekoma. Baba alichukua kioo, akachungulia kinywani.

"Fundo zuri," akasema. "Ila mishono ameiachanisha mno."

Mama alicheka hadi akakalia nguo alizokwisha kupiga pasi.

Baada ya siku kumi na mbili pini zilirudi mdomoni. Kadi baba aliitoboa tundu, akaining'iniza msumarini pamoja na utepe wa kupimia. Kila alipokwenda hospitali, hata kwa sindano tu, aliivaa shingoni. "Soma hii kwanza," alisema, "ndipo unishike."

Alikaa nasi miaka sita zaidi. Cherehani yake naikalia mimi sasa, na kadi bado ipo msumarini. Wiki iliyopita mteja mmoja aliisoma kimya, mkono shavuni.

"Hata mimi ninayo kama hii," akasema. "Iko kabatini."

Nikasimamisha cherehani. "Kaitoe," nikamwambia. "Nguo yako utaikuta."