Aliyeichukua Hati

Ukumbi wa ofisi ya mitihani ulifurika tangu saa mbili asubuhi. Msusi, katika gauni lake la njano lililombana kiunoni, alikuwa wa nne kwenye foleni mtu alipomkanyaga.

"Samahani, malkia wangu."

Sauti ile! Aligeuka. Alikuwa fundi wa kuchomelea, shati limepigwa pasi, vidole vimejaa makovu ya moto. Miaka mitatu hawakuonana.

"Malkia wako alishakufa," msusi alisema. "Umefuata nini hapa?"

"Matokeo yangu. Nimerudia mtihani. Na wewe?"

"Hati yangu ya kufaulu. Si uliniambia waliipoteza hapa hapa? Nimepata nafasi chuo cha uuguzi, mwisho wa kuipeleka ni Ijumaa."

Walikuwa wamesoma wote darasa la jioni la watu wazima, benchi moja, wakigombania kifutio na kuibiana busu taa zikizimika. Matokeo yalipotoka, msusi alikuwa akimuuguza mama yake hospitalini, akampa fundi barua ya kumchukulia hati. Fundi alirudi akisema imepotea, kisha akahama bila kuaga.

Dirishani, karani mwenye miwani alifungua daftari.

"Mwanangu, hati yako haikupotea. Ilichukuliwa. Saini hii ya nani?"

Msusi aliitambua. Alimgeukia fundi polepole.

"Iko wapi?"

"Twende nje tuongee, mpenzi."

"Iko wapi?"

"Niliichana."

Watu kwenye foleni waligeuka kuwatazama.

"Jina langu halikuwepo kwenye orodha ya ukutani," fundi alisema, macho chini. "Lako lilikuwepo. Niliona utaenda chuo, utapata wa hadhi yako, mimi nibaki na mashine yangu."

"Kwa hiyo ukaona bora tubaki chini wote! Miaka mitatu nasuka vichwa vya watu, najilaumu kwamba sikufuatilia!"

Karani aligonga meza. "Hati mpya haitoki mpaka aliyeichukua aape mahakamani na kuandika maelezo. Na akiandika hayo, matokeo yake yatazuiwa mwaka mzima."

Msusi alipogeuka, fundi hakuwepo.

Jioni simu ya msusi iliita.

"Ni mimi."

"Najua ni wewe. Mwoga anapumua hivyo hivyo hata kwenye simu."

"Safari hii nahisi nimefaulu. Kuna kiwanda kinanisubiri. Nikiandika yale..."

"Unataka nikuonee huruma?"

"Nataka uniambie nifanye nini."

"Hata hilo nikufanyie mimi?" Akakata.

Alhamisi asubuhi msusi alimkuta dirishani, shati lile lile likiwa limekunjamana, kiapo chenye muhuri mkononi. Karani alisoma, akavua miwani.

"Una hakika, kijana? Nikipokea hii hakuna kurudi nyuma."

"Pokea, mama."

Saa sita hati mpya ilitoka. Msusi aliishika kwa mikono miwili, akasoma jina lake herufi kwa herufi. Nje, fundi alikuwa amesimama kwenye ngazi.

"Nimekosa, mpenzi. Nimekukosea sana."

"Usiniite mpenzi."

"Nikuoe. Mwaka wangu ukiisha, nikuoe. Nitakusubiri hata umalize chuo."

"Ungeniambia siku ile kwamba umefeli, tungelia wote, halafu ningekufundisha hesabu mpaka ufaulu. Ningekubali unioe hapo hapo, na mashine yako." "Umefanya la kiume leo. Nashukuru. Lakini siwezi kulala na mtu ambaye kila nikifaulu nitamwangalia mikono."

"Hata simu nisikupigie?"

"Hata simu."

Alivuka barabara bila kugeuka, hati kifuani. Kwenye kituo cha basi alitoa simu ili aifungie namba ya fundi. Ilibidi abonyeze mara tatu, kwa sababu kioo kilikuwa kimelowa machozi.