Gauni Jeupe la Studio ya Nne

Gauni la harusi lilikutwa sakafuni katika chumba cha mavazi cha studio, Hollywood, mara baada ya chakula cha mchana. Lilikuwa limekatwa kwa mkasi, kuanzia kifuani hadi kwenye pindo. Hattie, mshonaji, alilipigia yowe kama maiti. Ufunguo ulikuwa wake, na mwenye studio hakutaka kusikia zaidi: jioni afungashe virago.

Tully, mkuu wa walinzi, askari polisi wa zamani, aliomba saa moja.

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Wazi, Bwana Tully. Waigizaji wa ziada, wale wanaocheza wahudumu, walikuwa wanarudisha makoti. Lakini nani ana ugomvi na kitambaa, jamani?"

Tully aliokota vipande. Vilikuwa vya samawati. Wote waliliita gauni jeupe kwa kuwa ndivyo lilivyoonekana kwenye filamu, ambayo haikuwa na rangi. Jeupe halisi lingeng'aa mno mbele ya kamera. Alivifungia kabatini, akaenda kwenye chumba cha Lorna Vance, nyota aliyelivaa.

Alimkuta na mumewe, Everett Pruitt, daktari wa meno, aliyesema amekuja kumchukua mkewe. Mdomo wake wa juu ulikuwa mwekundu, umechubuka.

"Mkamate Cole, huyo bwana harusi wa filamu!" daktari alifoka. "Anambusu mke wangu kutwa nzima, halafu eti kazi!"

"Cole alikuwa anakula na mwongozaji. Wewe je, umewahi kuingia ndani wanapopiga filamu?"

"Mimi? Nimeona vipande vya filamu kwenye skrini tu, siku ya wageni. Upuuzi mtupu. Msichana tajiri anajifanya mtumishi, ukumbi mzima unamjua, bwana harusi peke yake haoni! Mfukuzeni huyo mshonaji, yaishe. Kitambaa cha samawati hakijaadimika mjini."

Tully alivuta kiti, akakaa.

"Kwenye skrini ni jeupe, daktari. Nani alikuambia ni samawati?"

"Lorna, nadhani."

"Mimi?" Lorna alishangaa. "Nyumbani kazi yangu haitajwi. Unanuna wiki nzima!"

"Na mdomo huo," Tully aliendelea, "umechubuliwa na gundi ya masharubu ya bandia wanayobandikwa wahudumu wa filamu. Asiyeizoea huyang'oa na ngozi. Ulijipanga getini na waigizaji wa ziada, ukapewa koti na sinia. Leo uliporudisha koti, mkasi wa Hattie ulikuwa mezani."

Daktari alijifuta jasho. Wivu ulikuwa umemkondesha kweli.

"Siku nne nimesimama nyuma ya Cole na sinia," alisema. "Mabusu ningeyavumilia, Lorna. Ni yale macho! Ulikuwa unang'aa. Hujawahi kunitazama hivyo. Nilipoliona gauni la kuolewa na yule, nikashindwa."

Lorna alimgeukia.

"Nilikutambua siku ya kwanza, Everett. Nani mwingine anashika sinia kama vifaa vya kung'olea meno? Nilifurahi, nikasema mume wangu amekuja kunitazama kazini. Ulisimama nyuma ya bega la Cole. Nilikuwa nakutazama wewe."

Mlangoni Hattie alikuwa analia na mkoba wake mkononi. Lorna alimwendea, akamwomba radhi, akamshika mkono kumwingiza ndani.

"Hattie habanduki hapa," alisema. "Bwana Tully, msindikize mhudumu huyu getini."