Mkwe Mwenye Jina la Mama

Rafuni ulibaki mkate mmoja tu wa ufuta, na watu wawili wakaunyooshea kidole kwa wakati mmoja.

Ilikuwa Ijumaa mchana, joto la Januari, Mtaa wa Carlisle hapa Melbourne. Duka la mikate lilikuwa limefurika kama kila Ijumaa: wanaume wa makoti meusi na kofia pana, akina mama wa Kirusi wakibishana kuhusu samaki, vijana wa kaptura na kandambili, wote wakiwahi kabla Sabato haijaingia.

Kidole cha kwanza kilikuwa cha Leibl Grinfeld, fundi wa miwani, mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Cha pili kilikuwa cha Farha Sadka, mwalimu wa kuogelea. Alivaa gauni la manjano lisilo na mikono, nywele bado mbichi, ananukia dawa ya bwawa.

"Dada, mkono wangu ulitangulia," Leibl alisema.

"Ulitangulia wapi? Nimeuona ukitoka mfukoni."

"Basi chukua. Ila miwani yako ya jua imepinda. Nikimwona mtu kaivaa hivyo, silali."

Farha aliivua, akaitazama, akacheka. Leibl aliinyoosha palepale kwenye foleni, kwa vidole tu, huku watu wa nyuma wakimhimiza asogee. Mkate aliondoka nao Farha. Namba ya simu aliondoka nayo Leibl.

Walianza kwa simu za jioni, wakaendelea kwa matembezi ya ufukweni St Kilda. Leibl alimwita jua langu. Farha alimwita daktari wa vioo, na akamfundisha kuelea majini chali, kazi iliyochukua muda kwa sababu Leibl alicheka kila alipoguswa.

Wote wawili walikuwa Wayahudi, lakini kila mmoja alikuta kwa mwenzake ulimwengu asiokuwa ameuona. Ukoo wa Leibl ulitoka Poland. Ukoo wa Farha ulitoka Baghdad, ukakaa Calcutta vizazi kadhaa, ndipo ukafika Australia. Siku Leibl alipoingia sinagogi la kina Farha, alifungua kitabu cha sala akakuta maneno yaleyale aliyoyajua tangu utotoni, ila sauti zilipanda na kujikunja kwa namna ambayo hakuwahi kuisikia. Alisimama na kitabu kimefunguka mkononi, asikumbuke hata kugeuza ukurasa. Baadaye alimwambia Farha kwamba alijihisi kama mtu aliyegundua nyumba yake ina vyumba zaidi.

Bibi yake Farha, naye jina lake Farha, alimpakulia Leibl wali na kuku wa manjano, akamwita mwanangu kabla hajamaliza sahani. Mama yake Leibl, Freyda, mjane mshona mapazia, alimpenda yule binti tangu siku alipoingia jikoni kwake na kuosha sufuria bila kuombwa.

Mambo yaliharibika kwa neno lililosemwa kwa furaha. Jumapili moja, Leibl akinywa supu kwa mama yake, alimwambia kwamba amegundua jambo zuri: Farha kwa Kiarabu na Freyda kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, maana yake ni moja. Furaha.

Freyda aliweka kijiko chini.

Kwao kulikuwa na desturi ya zamani, ambayo Leibl aliwahi kuisikia akaisahau. Mwanamume haoi mwanamke mwenye jina la mama yake. Wazee waliogopa kwamba majina mawili yaliyofanana hayakai nyumba moja kwa amani, na mmoja wa wale wanawake hataishi maisha marefu. Freyda hakuwa mtu wa ushirikina. Lakini jina lake alilirithi kwa shangazi aliyeuawa Poland wakati wa vita, asiye na kaburi, na tangu utotoni alijua kwamba jina ni kitu kizito. Alimwambia mwanawe kwamba anamwogopea yule binti kuliko anavyojiogopea mwenyewe.

Leibl angeweza kuyaeleza hayo yote kama yalivyo. Badala yake alipiga simu akiwa ndani ya tramu, kichwa hakijatulia.

"Jua langu, ingekuwaje kama ungetumia jina lingine?"

"Lina nini langu?"

"Halina kitu. Mama tu ndiye anaona litaleta matatizo."

Halikuwa ombi geni kwa Farha. Shuleni walimu walimwita Fei kwa sababu hawakutaka kujisumbua kujifunza jina lake, na kuna Wayahudi wenzake waliowahi kumuuliza, mezani mbele ya watu, kama kweli yeye ni Myahudi. Alijua vizuri sauti ya mtu anayemtaka apungue kidogo ili aenee.

"Mwambie mama yako jina hili amenipa bibi yangu," alisema, "na bibi yangu yuko hai, anasikia." Akakata. Leibl alipiga tena na tena. Haikupokelewa.

Leibl alimwendea rabi wao. Rabi alimsikiliza, akasema kwamba lugha mbili ni majina mawili, waoane kwa amani. Leibl alirudi mbio kwa mama yake na jibu hilo. Freyda alilipokea kwa heshima, kisha akauliza jambo ambalo hakuna aliyemuuliza Leibl.

"Wewe ulimwambiaje yule binti?"

Leibl alirudia maneno yake ya kwenye tramu. 

"Umemfanya aamini namdharau," mama yake alisema, akimwita kwa jina la utotoni. "Leibele, una akili ya kupima macho ya watu, ya kuongea na mwanamke huna."

Kesho yake Freyda alivaa gauni lake la buluu la sikukuu, akabandika bruchi kifuani, akapanda tramu hadi kwa kina Sadka. Mlango ulifunguliwa na Bibi Farha. Wazee hao wawili walikuwa hawajawahi kuonana. Waliketi sebuleni, chai ya iliki katikati yao, na Freyda akaeleza kila kitu.

"Kwetu mtoto anapewa jina la bibi aliye hai," Bibi alisema, "ili bibi alisikie likiitwa. Huyu ni somo yangu. Akiitwa, nami naitika."

"Kwetu anapewa la marehemu. Ili marehemu asipotee."

Bibi alimwongezea chai. Kisha akauliza, "Huyo shangazi yako, alikuwa mtu wa namna gani?"

Freyda alikuwa hajaulizwa swali hilo miaka mingi. Alisimulia aliyosimuliwa na baba yake: alikuwa akiuza vifungo, akicheka kwa sauti mpaka majirani wanagonga ukuta, na alikataa wachumba kwa sababu walikuwa na viatu vibaya. Bibi alicheka mpaka chai ikamwagika.

Farha alirudi kutoka bwawani akakuta kicheko hicho. Alisimama kwenye korido na mfuko wake wa taulo, akasikia yaliyobaki. Alipoingia, Freyda aliinuka.

"Sikuja kukuomba jina lako, mwanangu. Langu siwezi kuliacha, na lako usiliache. Rabi amesema hakuna tatizo. Mimi bado naogopa, na nitaendelea kuogopa. Ila afadhali niogope nikiwa meza moja na wewe kuliko niwe salama bila wewe."

 Farha alimkumbatia, akiwa na maji nywelani, na gauni la sikukuu likalowa begani.

Kisha akampigia Leibl.

"Njoo umchukue mama yako."

"Yuko kwenu? Amefanya nini?"

"Amefanya kazi yako. Na uvae suti. Bibi anasema mtu anayekuja kuposa hafiki na shati la kazini."



"Farha," Leibl alisema polepole, jina zima.

"Naam."

"Nakuja."

Waliozwa majira ya baridi, chini ya kitambaa cheupe kilichoshikwa na nguzo nne, ndugu wa Poland upande mmoja na ndugu wa Baghdad upande wa pili. Rabi alipolisoma jina la bi harusi, Freyda alifumba macho akaushika mkono wa Bibi kwa nguvu. Leibl akaikanyaga glasi, kama ilivyo desturi ya ndoa za Kiyahudi, ikapasuka. Ndugu zake wakaanza kuimba na kupiga meza. Wanawake wa kina Sadka wakapiga vigelegele vilivyofika mpaka barabarani.

Freyda alifumbua macho. Alikuwa hajawahi kupiga kigelegele maishani mwake. Alifungua kinywa, akajaribu, sauti ikatoka imepasuka, nusu kikohozi.

Bibi alimgeukia akamwambia, "Tena."